KOMPYUTA YA KIKUNDI ISIWE NA UFUNGUO WA MTU MMOJA



Sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa lina kufuli tatu. Funguo zake hushikwa na watu watatu, na kila mmoja hukaa na ufunguo wake nyumbani kwake. Sanduku halifunguliwi mpaka wote watatu wafike. Mpango huu tumeupenda wenyewe. Unalinda fedha zetu. Tena unawalinda wale walioshika funguo wasije wakadhaniwa vibaya.

Siku hizi vikundi vyengine vina kompyuta. Daftari la hisa na mikopo limo ndani ya kompyuta hiyo. Je, kompyuta hiyo ina funguo ngapi? Mara nyingi ina mmoja tu, nao umo kichwani mwa kijana mmoja. Yeye peke yake ndiye anayejua kitu gani kimewekwa wapi. Akisafiri, kikundi kizima kimefungiwa nje ya nyumba yake.

Leo tutaeleza namna ya kupanga uso wa kompyuta, ili kila mwanachama anayejua kusoma aweze kulifungua daftari la kikundi. Kazi hii haitaki utaalamu mkubwa, wala haigharimu hata senti moja.

SIKU YA MGAO

Siku moja nilialikwa Fumba na kikundi cha akinamama. Jina la kikundi silitaji. Wengine wao wanapanda mwani, wengine wanauza samaki, wengine wanalima. Ilikuwa siku ya mgao. Mikeka ilitandikwa barazani, sanduku likaletwa, na wenye funguo wote watatu walikuwepo. Fedha zikahesabiwa. Sasa ikabaki kujua kila mtu ana hisa ngapi.

Kijana aliyekuwa akiandika hesabu alikuwa amepata kazi Dar es Salaam. Aliondoka wiki ile ile. Mama mshika fedha akaiwasha kompyuta ya kikundi. Kioo kikawaka. Mlikuwa na vijipicha vingi sana, vimejaa kama dagaa waliotandazwa juani.

"Letu ni lipi humu?" akauliza.

Hapana aliyejua. Basi kijana akapigiwa simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Daftari letu liko wapi humu ndani?"

"Fungua Excel, mama. Halafu ingia kwenye folda ya kazi, halafu ile ya zamani, utaliona la mwaka huu."

"Sasa mwanangu, hiyo Excel mimi nitaijuaje?"

Simu ikakatika. Mgao ukaahirishwa. Wanachama wakarudi majumbani, na manung'uniko yakaanza njiani. Mmoja akasema huwenda hesabu zimechezewa. Hazikuchezewa. Siku mbili baadaye kijana alipata nafasi, akaelekeza kwa simu hatua moja moja, na daftari likaonekana. Kila shilingi ilikuwa mahali pake. Lakini maneno yakishatoka mdomoni hayarudi. Kikundi kile kilikaribia kuvunjika, na wala hapakuwa na mwizi. Kosa lilikuwa moja tu: mlango wa daftari ulijulikana na mtu mmoja.

PROGRAMU NI NINI, FAILI NI NINI

Kabla ya kuanza kazi, tufahamiane kwa maneno machache.

Fikiri habari za fundi cherehani. Ana cherehani, ana nguo anayoishona, na ana kabati la kuwekea nguo. Kompyuta nayo iko hivyo hivyo.

Cherehani ni programu. Programu ni chombo cha kufanyia kazi. Iko programu ya kuandikia barua, kwa mfano Word. Iko programu ya kupigia hesabu, kwa mfano Excel. Wengine hutumia LibreOffice, ambayo hupatikana bure. Humo ya kuandikia barua inaitwa Writer, na ya hesabu inaitwa Calc.

Nguo ni faili. Faili ni kazi yenyewe uliyoifanya. Daftari la hisa ni faili. Barua kwa Sheha ni faili. Picha ya mkutano nayo ni faili.

Kabati ni folda. Folda ni mahali pa kuwekea mafaili. Folda moja huweza kuwa na folda nyengine ndani yake, na ndani ya hiyo ikawamo nyengine tena. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Uso wa kompyuta ni kile unachokiona kioo kinapowaka, kabla hujafungua kitu. Vitabu vyengine huuita eneokazi. Chini yake kuna mstari wenye vijipicha. Kama una simu ya kisasa, jambo hili si geni kwako. Ukitaka WhatsApp unagusa kijipicha chake cha kijani, na inafunguka. Huulizi imewekwa wapi ndani ya simu. Nasi tunataka daftari la kikundi lifunguke kwa urahisi huo huo.

KIBAO CHA NJIA SI NYUMBA

Mgeni ameshuka garini Fumba. Anataka kwenda skuli. Kando ya barabara anaona kibao kimeandikwa SKULI, na mshale unamwonesha upande wa kwenda. Anafuata, anafika.

Sasa jiulize. Mtu akiking'oa kile kibao, skuli itakuwa imevunjika? Haikuvunjika. Ipo pale pale, ila wageni watapata tabu kuipata. Na mtu akikichukua kile kibao akenda nacho mjini Darajani, je, atakuwa ameibeba skuli? Hakuibeba. Amebeba ubao mtupu.

Kompyuta nayo ina vibao vya namna hii. Kibao cha kompyuta kinaitwa njia ya mkato. Ni kijipicha kinachowekwa juu ya uso wa kompyuta ili kikupeleke kwenye programu au kwenye faili lililo ndani. Ukikibonyeza, kinakupeleka. Chenyewe hakina hesabu wala barua ndani yake.

Utakitambuaje? Katika kompyuta za Windows, tazama pembe ya chini ya kijipicha, upande wa kushoto. Ukiona mshale mdogo, hicho ni kibao. Usipouona mshale, huwenda hilo ni faili lenyewe au folda yenyewe. Ukumbuke mshale huo. Tutaurudia mbele, kwa sababu umewaokoa wengi na umewatia hasarani wengi.

VIJIPICHA HIVI VILITOKA WAPI

Zamani kompyuta hazikuwa na vijipicha. Mtu aliandika amri kwa herufi, na ilimbidi aikumbuke amri kama ilivyo. Akikosea herufi moja, mashine ilikataa. Kompyuta ikabaki kuwa kazi ya mafundi.

Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ya Marekani iliuza kompyuta iliyoitwa Star. Uso wake ulifananishwa na meza ya ofisi, wenye vijipicha vya makaratasi na makabati. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ikatoa Macintosh, na watu wengi zaidi wakauzoea mpango huo. Mwaka 1995 Microsoft ikatoa Windows 95, ambayo ndiyo iliyoleta kitufe cha Start na ule mstari wa chini tunaouona mpaka leo.

Lugha yetu nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Baadaye Microsoft nayo ikatoa Windows yenye maneno ya Kiswahili. Hata hivyo, kompyuta nyingi tunazozikuta vijijini bado zinasema Kiingereza. Ndiyo sababu vibao vyetu tutaviandika wenyewe kwa Kiswahili.

TUFANYE KAZI

Mwiteni yule anayeandika hesabu, awepo siku hii. Na mshika fedha akae mbele ya kompyuta, yeye ndiye abonyeze. Kijana asiharakishe kumnyang'anya kipanya. Mkono unaofanya ndio unaojifunza.

Maelezo haya ni ya kompyuta za Windows 10 na Windows 11. Maneno ya Kiingereza yatakayotokea kwenye kioo tumeyaandika hapa kama yalivyo, ili uyalinganishe herufi kwa herufi.

Kazi ya kwanza: kuiweka programu kwenye mstari wa chini

1. Tazama kibodi, chini upande wa kushoto. Kuna kitufe chenye alama ya dirisha la vioo vinne. Kibonyeze mara moja.

2. Andika herufi za mwanzo za jina la programu. Kama ni Excel, andika exc. Kama ni Calc, andika calc. Usihangaike kutafuta mahali pa kuandikia, andika tu. Kompyuta itakutafutia.

3. Jina la programu likitokea, lisome vizuri kwanza. Kisha peleka mshale wa kipanya juu yake, ubonyeze kitufe cha kulia cha kipanya. Orodha ya maneno itafunguka.

4. Chagua maneno "Pin to taskbar". Maana yake ni kubandika kwenye mstari wa chini. Programu sasa itakaa pale siku zote, hata ukizima kompyuta na kuiwasha tena.

Kazi ya pili: kuliweka daftari la kikundi juu ya uso

Kazi hii ndiyo kubwa, kwa sababu mshika fedha hatafuti Excel, anatafuta daftari.

1. Anayejua aingie kwenye folda lilimo daftari la hisa. Kila mtu atazame ni wapi, na katibu aandike njia hiyo katika karatasi.

2. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya hilo faili la daftari. Orodha itafunguka. Kama kompyuta yako ni ya Windows 11, chagua kwanza "Show more options", maana yake nioneshe zaidi.

3. Chagua "Send to". Orodha nyengine itatokea. Humo chagua mstari unaoanza na neno "Desktop". Huo ndio uso wa kompyuta.

4. Rudi kwenye uso. Njia nyepesi ni kushikilia kile kitufe cha dirisha huku ukibonyeza herufi D. Utakiona kijipicha kipya, na pembeni mwake mshale mdogo.

5. Bonyeza juu yake mara moja tu, kisha bonyeza kitufe cha F2 kilichopo juu ya kibodi. Jina litakuwa tayari kubadilishwa. Andika kwa herufi kubwa: DAFTARI LA HISA. Malizia kwa kubonyeza Enter.

6. Sasa jaribu. Peleka mshale juu ya DAFTARI LA HISA, ubonyeze kitufe cha kushoto cha kipanya mara mbili kwa haraka, kama mtu anayebisha hodi mlangoni. Daftari litafunguka.

Fanyeni vivyo hivyo kwa mafaili mengine manne au matatu ya kikundi: MIKOPO, BARUA, MIKUTANO. Visizidi hapo. Vibao ishirini njia panda havimsaidii mgeni.

Kubadilisha jina la kibao hakulidhuru faili. Lakini msilihamishe faili lenyewe wala folda lilimo baada ya kuweka kibao. Ukiihamisha skuli, kibao kitawaelekeza watu kiwanjani. Ikiwa faili limehamishwa, wekeni kibao kipya.

Walio na kompyuta za Ubuntu wasidhani wameachwa. Nao wana mstari wa namna hiyo kandoni mwa kioo, na wana kibao cha kubandika. Maneno ni mengine, mpango ni mmoja.

Kazi ya tatu: kufagia uso

Vile vijipicha vilivyojaa bila ya kazi viondolewe. Hapa kuweni waangalifu sana. Chenye mshale ni kibao. Ukikifuta, kitu chenyewe kimebaki ndani. Kisicho na mshale kisifutwe mpaka kiulizwe mwenyewe. Kama hamna uhakika, tengenezeni folda moja, muipe jina VYENGINE, mvitie humo.

Ukifuta kwa bahati mbaya, usipige kelele. Fungua kijipicha cha pipa la taka, kitafute humo, kibonyeze kwa kitufe cha kulia, uchague "Restore", maana yake rudisha. Lakini kilichofutwa ndani ya flashi kwa kawaida hakipiti katika pipa hilo. Hicho kimekwenda.

KOSA LA FLASHI

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, wakiwemo waliosoma.

Katibu anataka kupeleka daftari mjini likachapwe. Anachomeka flashi, anakivuta kile kijipicha cha DAFTARI LA HISA mpaka kwenye flashi, anapanda gari. Kufika mjini, flashi inachomekwa kwenye kompyuta nyengine. Jina lipo, lakini likibonyezwa halifunguki. Nauli imepotea na siku imepotea.

Ametenda nini? Amebeba ubao, skuli ameiacha Fumba.

Hasara ni kubwa zaidi ikiwa flashi hiyo ndiyo nakala ya akiba. Kikundi kinakaa mwaka mzima kikiamini kwamba hesabu zake zina nakala. Siku kompyuta inapoingia maji au inapoungua, ndipo wanapogundua kwamba flashi imeweka vibao vitupu.

Kwa hiyo, ukitaka kuchukua nakala, ingia kwenye folda lilimo faili lenyewe, ulinakili kutoka humo. Ile karatasi aliyoiandika katibu ndiyo itakayokuongoza. Kisha fanya majaribio mawili. La kwanza, tazama ukubwa wake. Kibao huwa kidogo mno, aghalabu kilobaiti 1 au 2 tu. Faili la hesabu huwa kubwa kuliko hivyo. La pili ndilo la kuaminiwa zaidi: lifungue kutoka kwenye flashi katika kompyuta nyengine, usome majina yaliyomo. Ukiyasoma, umelibeba.

MLANGO NA KUFULI

Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, ikiwa kila mtu anaujua mlango, si kila mtu ataingia abadilishe hesabu?"

Swali lake ni zuri. Kuujua mlango ni jambo moja, na kuwa na ufunguo ni jengine. Kila mtu Fumba anaijua nyumba ya jirani yake, lakini haingii bila ya hodi.

Daftari la hisa liwekewe neno la siri. Kijana mwenye ujuzi anaweza kuliweka kwa dakika chache. Neno hilo lijulikane na viongozi watatu, kisha liandikwe katika karatasi, litiwe kwenye bahasha na kufungwa, na bahasha ihifadhiwe ndani ya lile sanduku lenye kufuli tatu. Msilidharau jambo la bahasha. Neno la siri la faili likisahauliwa, huwenda faili lisifunguke tena.

Na daftari la karatasi lisitupwe. Sisi wa Unguja hatujalisahau giza la mwezi Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa umeme wa baharini ulipokuwa haufanyi kazi. Mashine bila ya umeme ni sanduku. Kila baada ya mkutano, jumla ya hisa na mikopo iandikwe kwa kalamu na isomwe mbele ya wanachama.

KILA MKUTANO, MKONO MPYA

Mkishaupanga uso wa kompyuta, kazi haijesha. Kibao kisichosomwa hakina faida. Basi wekeni utaratibu huu: kila mkutano, mwanachama mmoja aitwe kwa zamu, akae mbele ya kompyuta, asome vibao kwa sauti, alifungue daftari, na atafute jina lake mwenyewe. Viongozi wenye neno la siri watamfungulia kufuli, naye asome mbele ya wote. Hatabadilisha kitu. Atasoma tu hisa zake, kisha afunge.

Wako watakaosema wamezeeka kwa mambo haya. Hata kalamu tuliambiwa hivyo hivyo, na leo mnasoma gazeti.

Wale akinamama wa Fumba walifanya kazi hii kwa asubuhi moja. Mgao uliofuata nilikuwepo tena. Kijana alikuwa huko huko Dar es Salaam, na hapana aliyempigia simu. Mama mshika fedha alivaa miwani yake, akasoma polepole, "Da-fta-ri la hi-sa," akabisha hodi mara mbili kwa kidole. Majina yakatokea. Akaanza kuyasoma moja baada ya jengine, na kila aliyetajwa akajibu, "Nipo."

MANENO MAPYA

Programu: chombo cha kufanyia kazi ndani ya kompyuta.
Faili: kazi yenyewe iliyohifadhiwa, kama daftari au barua.
Folda: mahali pa kuwekea mafaili.
Njia ya mkato: kibao kinachokupeleka kwenye programu au faili.
Kipanya: kidude cha mkononi cha kuendeshea mshale juu ya kioo.
Kibodi: ubao wa vitufe vya kuandikia.
Flashi: kijiti cha kubebea mafaili.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chenu, ni watu wangapi wanaoweza kulifungua daftari bila ya kusaidiwa?
2. Utajuaje kwamba kijipicha ni kibao na si faili lenyewe?
3. Katibu amerudi na flashi. Mtahakikishaje kwamba amebeba daftari na hakubeba kibao?
4. Neno la siri la kikundi chenu limehifadhiwa wapi?